Gramu Ishirini na Mbili za Neville Trezise

Jumatatu, 3 Februari

Joto digrii 39, na ni saa tatu tu ya asubuhi. Dragica Vuletić, bosi wetu hapa Corella Metali, katuita wote katikati ya karakana kabla sijamaliza kahawa yangu ya baridi. Nilikasirika. Dakika mbili baadaye sikuwa na hasira tena.

Wenye setilaiti wanataka ile braketi inayoshika kioo cha kamera ipungue uzito. Sasa ina gramu 142. Wanataka 120. Nguvu isipungue hata chembe. Fundi atakayeleta sampuli bora kufikia Ijumaa ya wiki ijayo atapewa nafasi moja (moja!) ya kwenda jangwani tarehe ishirini kuangalia roketi yao ikiruka. Atakaa na wakubwa. Atakula nao.

Miaka kumi na tisa nachonga vipande vya ndege na setilaiti. Sijaona hata kimoja kikiruka. Kila nilichokitengeneza kimekwenda juu, mimi nimebaki hapa mjini Salisbury.

Nafasi hiyo ni yangu.

Kikwazo ni kimoja, nacho kina masharubu. Evald Noske, wa mashine ya jirani. Mrefu, mtaratibu, mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya yao ya Kijerumani kule Tanunda. Kila asubuhi huegesha gari chini ya mti pekee wenye kivuli. Kibaya zaidi ni mtu mwema. Mtu mwema ni vigumu kumchukia, inabidi ujitahidi kila siku. Leo kanitakia kila la heri. Bila aibu!

Jumanne, 4 Februari

Nimepata wazo nikiwa naoga. Matundu! Tundu halina uzito. Kadiri matundu yanavyozidi ndivyo braketi inavyokuwa nyepesi. Nashangaa hakuna aliyewaza hili.

Nimemweleza mke wangu Bronwyn wakati wa chai. Akauliza kama matundu hayataifanya iwe dhaifu. Nikamwambia aendelee na uuguzi wake, aniachie mimi mambo ya anga. Akasema sawa, ila nivae soksi zinazofanana.

Nimeitoboa alumini kwa saa sita. Matundu arobaini na moja. Imefika gramu 103! Noske kapita, akaitazama kwa muda mrefu akipapasa masharubu. Akasema nahitaji kuangalia ile kona ya ndani, maana nguvu yote ya mtetemo hupita pale. Nikamshukuru kwa baridi sana. Anataka kunichelewesha.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya kupimwa. Thuy Lam ndiye mkaguzi wetu. Mdogo wa mwili, haongei, na watu wazima humwogopa. Inasemekana mama mkwe wake akileta samaki, Thuy humpima samaki huyo kwanza.

Akaifunga braketi yangu juu ya meza ya kutikisia. Meza hiyo hutikisa kipande kama roketi inavyotikisika ikipaa. Braketi nzuri hukaa hapo dakika mbili kila upande. Nikasogea karibu na kioo cha kinga ili niuone ushindi wangu vizuri.

Sekunde kumi na moja.

Ikapasuka vipande viwili. Kimoja kilikuja kugonga kioo sawasawa na pua yangu. Nikaruka nyuma nikaangukia kiti cha Thuy, ambacho kina magurudumu, nacho kikanipeleka mpaka kantini. Wazee wa zamu ya mchana walinipigia makofi.

Thuy kaandika neno moja kwenye fomu. Nimechungulia. “Jibini.” Ile yenye matundu, nadhani.

Noske akaomba vile vipande viwili vilivyovunjika. Nikampa. Achukue takataka, kama anazipenda.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejua siri ya Noske. Saa ya kula huwa anatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi lake la chakula, anaitandaza karibu na sandwichi yake ya soseji, anachora, anafuta, anapima kwa kidole gumba, anatabasamu peke yake. Ni mchoro wa braketi! Nina hakika.

Bosi alipomwita nje, nilikuwa na sekunde thelathini. Nikapiga picha kwa simu. Picha ina ukungu kidogo lakini umbo linaonekana: mikono miwili iliyopinda, kitako kipana, ndoano ndogo juu. La ajabu! Lina akili! Nilijisikia vibaya kidogo. Baadaye nikala pai, nikajisikia vizuri.

Jumatatu, 10 Februari

Sipendi kuandika habari za leo, lakini shajara ni shajara.

Nilikuja alfajiri nikachonga lile umbo la Noske. Lilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia, nikalipunguza kwa kukadiria. Gramu 119. Saa nne nikamwomba bosi awakusanye watu. Nikaiinua juu. Nikaeleza kwamba nimeisumbukia wikendi nzima. Nikasema huu mkunjo wa kushoto unameza mtetemo, na huu wa kulia unautema. Nikasema ndoano ya juu ni ya kupoza joto la jua. Watu walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Hata Dragica alikuwa anaandika!

Ndipo Noske akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole wote, kama vile anauliza saa:

“Samahani Neville, kaka. Umejuaje vipimo vya kodiani ya mke wangu?”

Nikaishusha braketi.

Akaeleza kwamba anamtengenezea mkewe ndoano ya ukutani ya kutundikia kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana, kwa siku yake ya kuzaliwa, na kwamba umbo ni hilihili. Ila hii yangu imegeuka, mkono wa kulia umekuwa kushoto. Akasema hata hivyo imechongwa vizuri sana na kama siihitaji angeichukua.

Dragica akaweka kalamu mfukoni. Akaniuliza, “Na ile ndoano ya kupoza jua, Neville?” Nikasema bado naifanyia utafiti.

Wote walicheka mpaka mashine zikazimwa. Thuy hakucheka. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika kwa dakika mbili kila upande.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nikiwa nimefungwa bendeji mkono wa kushoto. Si jeraha kubwa. Bronwyn kalifunga kwa hasira, ndiyo maana linaonekana kubwa.

Nianze mwanzo. Jana nilikaa nikafikiri kama mwanasayansi. Umbo limenishinda. Sawa. Kwa nini nihangaike na umbo? Nibadilishe chuma! Kule mwisho wa karakana kuna chumba cha wavu, mlango mwekundu, ndimo wanamochongea magnesiamu kwa ajili ya helikopta. Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini kwa theluthi nzima. Ukiipaka rangi ile ile ya kijivu hakuna atakayejua. Kulikuwa na kipande kimesahauliwa juu ya toroli nje ya wavu. Hakikuwa na karatasi wala namba. Nikakifunika kwa kofia yangu.

Nakiri kwamba kuna kanuni. Hakuna kipande kinachoingia kwenye ndege au setilaiti bila karatasi ya kuonyesha kimetoka wapi na ni chuma gani. Kanuni hiyo imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama mlango. Nikasema ni kwa ajili ya sampuli tu. Nikishinda nitarekebisha baadaye.

Saa ya kula leo wote walikuwa kantini wakisikiliza kriketi. Mimi nikachonga. Sikufungua maji ya kupozea ili yasitoe sauti. Braketi ikatoka safi! Nikaipima: gramu 91! Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini nikaona nikiipunguza mara moja tu zaidi itafika 90, na tisini ni namba inayosemeka vizuri. Kisu cha mashine kilikuwa butu. Nilijua ni butu. Kikasugua badala ya kukata. Cheche moja ikatoka.

Moja tu.

Maranda ya magnesiamu yaliyolundikana chini ya mashine yakashika moto. Si moto wa jikoni. Mweupe! Mweupe kama kuangalia jua kupitia tundu. Nikasikia sauti kama ya kitu kinachovuta pumzi. Nikakimbilia bomba la maji, nikalivuta, nikaanza kulifungua.

Mtu akanidaka kwa nyuma akaninyanyua kutoka chini kama mfuko wa viazi.

“Maji hapana! Neville, magnesiamu inayowaka ikipata maji hulipuka, utatuua!”

Noske. Sijawahi kumsikia akipaza sauti nje ya wimbo. Akanitupa kando, nikachanika mkono wa kushoto kwenye ukingo wa mashine; akachukua ndoo ya mchanga mkavu, akasogea karibu na ule weupe kuliko ambavyo mtu yeyote angesogea, akamwaga mchanga taratibu, polepole, kama anayefunika mtoto blanketi. Akachukua ndoo ya pili. Ya tatu. Weupe ukawa mwekundu, ukafifia chini ya mchanga.

Akageuka akaniuliza kama nimeumia. Upande wa kushoto wa masharubu yake haukuwepo. Umeungua wote. Upande wa kulia ulikuwa kama kawaida.

King'ora kikalia. Tukatoka wote, watu themanini na wawili, tukapangwa kwenye maegesho juani, digrii 41. Dragica akauliza kimetokea nini. Noske alinitazama, akakung'uta mchanga mikononi. Nikasema huenda wale kasuku wa rangi ya waridi wanaokaa juu ya paa letu wameingia na kitu cha moto mdomoni.

Thuy akaja na kile kifaa chake chenye umbo la bastola, kinachotambua chuma. Akakielekeza kwenye mfuko wa ovaroli yangu, uliokuwa umetuna kwa ile braketi. Kifaa kikalia. Akamwonyesha Dragica kioo chake. Dragica akasoma. Wakasoma na wengine waliokuwa karibu.

Dragica akaniambia niende nyumbani.

Alhamisi, 13 Februari

Sikulala vizuri. Asubuhi Bronwyn alikuwa anaanika nguo, mimi nikamshikia vibanio. Nikamweleza kwamba kimsingi ilikuwa sampuli tu. Akaanika shuka la mwisho. Kisha akaniuliza, ningeshinda, braketi ingechongwa kwa chuma gani. Nikasema ya alumini, ile halali. Akasema basi umbo langu lingepimwa kwa chuma kimoja likaruka kwa kingine. Sikuwa nimewaza hivyo. Akasema wodini kwake muuguzi aliyewahi kubadilisha dawa kwa siri hakuweza kujitetea kwamba ni sampuli tu.

Akaingia ndani. Nikabaki na vibanio.

Niliandika barua ya kuomba radhi mara tatu. Ya kwanza ililaumu joto. Ya pili ililaumu toroli. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili: nilichukua, nilijua hairuhusiwi, wengine wangeweza kufa. Nikaipeleka hiyo kabla sijabadili mawazo.

Dragica akaisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Ningependelea apige.

“Neville, kipande kikilegea huku chini tunaita fundi,” akasema. “Kikilegea kule juu hakuna fundi wa kupanda kukikaza. Fundi ni wewe, siku unayokichonga. Hakuna mwingine.”

Nikakubali bila kubishana. Jambo hilo halijawahi kunitokea.

Adhabu: onyo la mwisho kwa maandishi. Miezi mitatu sigusi mashine. Nitakuwa nachambua maranda kwa mkono, alumini huku, titani kule. Nikasema asante. Nikamaanisha.

Nilimtafuta Noske nimshukuru. Alikuwa chooni mbele ya kioo na wembe. Alikuwa ameamua kunyoa na ule upande uliobaki. Nikaanza hotuba niliyoiandaa. Akanikatiza, akasema nimshikie taulo. Nikamshikia. Bila masharubu anafanana na mtu mwingine kabisa, kama kasisi aliyepotea njia. Akasema kwaya watamkataa mlangoni. Tukacheka. Nilitaka kumchukia kidogo, kwa mazoea, nikashindwa.

Ijumaa, 14 Februari

Noske kashinda. Gramu 118. Imekaa kwenye meza ya kutikisia dakika mbili kila upande, na Thuy akaongeza dakika mbili nyingine kwa sababu, alisema, alikuwa anafurahia.

Ni nzuri. Nasema kama fundi. Imenyooka kama mfupa wa kidari cha kuku, nyama kidogo pale mzigo unapopita, hakuna kitu pale usipopita. Unaishika mkononi unajiuliza kama umeishika kweli.

Bosi akamwomba aeleze alivyofanya. Noske akasema alivichukua vipande viwili vya braketi yangu yenye matundu, akafuata ufa kwa lenzi ya mkono kuona ulipoanzia na ulipokwenda. Ufa ndio uliomwonyesha nguvu inapopita. Akasema mbele ya watu wote kwamba bila braketi ya Neville kuvunjika vibaya vile, asingejua.

Watu wakanipigia makofi. Safari hii nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe.

Nimefikiria sana nikichambua maranda. Ukitazama kwa haki, nusu ya ushindi huo ni yangu. Pengine zaidi ya nusu. Nimemwambia Bronwyn. Akaniomba nirudie polepole, kisha akaenda kuongea na dada yake kwa simu.

Alhamisi, 20 Februari

Roketi! Tumekaa kantini wote mbele ya televisheni. Bosi kaleta keki za chokoleti na nazi. Noske alionekana kwenye kamera kwa sekunde mbili, kwenye safu ya nyuma, kofia kubwa, mdomo wa juu mweupe kwa mafuta ya kuzuia jua pale yalipokuwa masharubu. Tukapiga kelele kama vile ni yeye anayeruka.

Hesabu ikafika sifuri. Vumbi jekundu. Ikakaa, ikakaa, nikadhani haiendi. Ikaenda.

Ndani ya ile setilaiti iliyo juu yake mna vishikizo kumi na sita vya waya nilivyochonga mimi mwaka jana mwezi Julai. Halali, vyenye karatasi. Nakumbuka kila kimoja. Cha tisa kilinisumbua. Niliona moto mdogo ule ukipanda kwenye bluu mpaka ukawa nukta, nikawaza, cha tisa, jikaze.

Thuy alikuwa pembeni yangu. Akanipa karatasi ya kupangusia macho. Nikamwambia ni vumbi la titani. Akasema, “Titani haifanyi hivyo, mzee,” akaniachia boksi zima.

Kishikizo cha tisa kilikuwa kimekaa. Dakika kumi na mbili baadaye walitangaza kila kitu kiko sawa.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Naliandika hili hapa ili nisisahau: kazi ya mtu ni kufanya anachokijua, kwa ukweli, na kukaa kimya kwa lile asilolijua.

Ijumaa, 21 Februari

Noske karudi na habari. Kule jangwani alikaa meza moja na Madamu Le Bihan, mhandisi kutoka Toulouse, Ufaransa. Kiwanda chao kinatengeneza mbavu za mabawa ya ndege, nyembamba kama sahani, na kinataka fundi mmoja kutoka kwetu aende wiki mbili kuwaonyesha tunavyochonga. Si lazima aguse mashine. Aeleze tu! Madamu anakuja Jumatatu saa tatu kuchagua mwenyewe. Sharti ni moja, awe anaongea Kifaransa, kwa sababu wazee wa kule karakanani hawajui lugha nyingine.

Dragica akauliza kantini nzima nani anaongea Kifaransa.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Sikuutuma. Nikajisikia nikisema ninakiongea vizuri, tangu utotoni, upande wa bibi yangu. Bibi yangu alizaliwa Moonta, hapahapa kwetu, na hakuvuka hata daraja la Port Augusta. Noske alinitazama kwa furaha ya kweli, akasema hakujua, akanipa mkono. Dragica kaandika jina langu, akaliwekea mstari chini.

Nikitoka, Thuy alinisimamisha mlangoni akaniambia sentensi ndefu, tamu, ambayo nashuku ilikuwa Kifaransa. Nikacheka kwa kujiamini, nikasema, “Kabisa, kabisa.” Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Hakuna wasiwasi. Maktaba ya Salisbury inafunguliwa kesho saa nne. Nina Jumamosi nzima, nina Jumapili nzima. Kule Ufaransa watoto wa miaka miwili wanaongea lugha hiyo, na hao hata kazi hawana.